Mwenye haya na kamera: Dodoma hadi mwisho wa reli

Nimerudi Dodoma wiki iliyopita. Haya nimeyapanga upya kutoka kwenye kijidaftari nilichokuwa nikiandika usiku, na kutoka kwenye picha zenyewe, maana kamera huandika saa ya kila picha na ina kumbukumbu kunizidi.

Nilikwenda Kigoma kwa treni ya zamani, ile ya Reli ya Kati, kujifunza kupiga picha za watu mtaani. Mimi ni mtu wa haya. Harusini hukaa viti vya nyuma, na dukani nikikuta watu wanasukumana huondoka bila kununua. Kamera yangu ni Canon ya mtumba, na lenzi ya milimita 50, ile ndogo ya bei nafuu. Kwa miezi kadhaa ilikuwa imepiga paka, maua na vivuli vya madirisha basi. Mafundisho ninayoyaona mtandaoni, mengi ya wapiga picha wa New York na Tokyo, yanasema mpige mtu kabla hajajua, kisha jiendee zako. Hapa kwetu mtu mzima humpiti bila kumwamkia, sembuse kumpiga picha. Treni niliichagua kwa hesabu ya mwoga: kila stesheni ni soko linalokufuata dirishani, na mambo yakiharibika, treni inaondoka.

Jumanne: Dodoma, Saranda, Itigi

Treni hutoka Dar es Salaam jioni na kulala njiani. Siku hiyo iliingia Dodoma saa nne kasoro asubuhi. Kwa mtakaofuata: Dodoma sasa ina stesheni mbili. Treni ya SGR, ile ya reli mpya ya kisasa, iliyoanza 2024, ina jengo lake jipya. Ya Kigoma inapita stesheni kongwe ya mjini. Ukimwambia bodaboda "stesheni" ukanyamaza, anaweza kukupeleka kule kwa SGR. Dada mmoja alifika anahema na mabegi mawili, nauli ameshailipa mara mbili. Na ratiba huwa inabadilika, kwa hiyo ulizia dirishani siku chache kabla. Tiketi yangu ya daraja la pili kulala ilinitoka chini kidogo ya elfu hamsini.

Chumba kina vitanda sita, vitatu kila upande, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Kitanda cha chini, mkabala na changu, alikuwepo mzee mmoja, mstaafu wa reli, anarudi kwao Uvinza. Aliitikia shikamoo yangu, akaiangalia kamera kifuani, akaniuliza ni wa gazeti gani. Nikamwambia sina gazeti, najifunza tu.

"Unajifunza kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Akacheka, akanipa karanga.

Bahi na Kintinku nilipigia dirishani. Kwa mwenye haya, dirisha la treni ni pazuri pa kuanzia, kwa sababu wachuuzi wenyewe wanayatazama madirisha, ndiyo riziki yao, na hakuna anayeshtuka ukimtazama. Lakini nilipokaa kuzipitia zile picha niliona utosi, mabeseni na mikono iliyonyooshwa. Sura hamna. Ukiwa juu unapata biashara, watu huwapati.

Baada ya Kintinku reli inaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, injini inaguna, na mle ndani watu wanaanza kutafuta hela ndogo. Saranda inakaribia. Kila aliyewahi kupanda treni hii ana hadithi ya kuku wa Saranda. Mzee aliniambia, "Hapa shuka, mwanangu. Usinunue dirishani. Nunua chini, ule umesimama, utaona."

Nikashuka. Kando kidogo ya msongamano alikuwepo mama wa makamo, hotipoti ya wali iko juu ya kigoda, kuku wamefunikwa kitambaa cheupe. Wali kwa paja la kuku, elfu nne. Nilikula nimesimama kama alivyosema mzee, na katika kula nikapata ulimi.

"Mama, chakula kitamu. Naomba nikupige picha ukiwa kazini."

"Ya nini?"

"Najifunza kupiga picha."

Akanitazama, akafunga kanga upya, akasimama wima, mikono ubavuni, macho mbele, kicheko chote kimepotea usoni. Nikapiga. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Akaita mwenzake aje aone, wakacheka, kisha mtu akapiga kelele kutoka behewa la tatu, "Mama, sahani mbili!" Hapo akanisahau kabisa. Mkono wa kulia ukainua sahani hadi dirishani, noti zimekunjwa katikati ya vidole vya kushoto, na kifuniko cha hotipoti amekibana kwa kidevu kwa kuwa mikono imekwisha. Nilikuwa hatua mbili kutoka alipo, kamera iko usoni, na hakujali. Alikuwa ameshanipa picha yake.

Kuanzia hapo nikawa na namna. Picha ya kwanza ni yao. Acha mtu ajipange, avute shati, asimame anavyotaka kuonekana, na umwonyeshe. Usimwambie "endelea na kazi tu, usiniangalie", maana ukishamwambia hivyo ataigiza. Ile unayoitaka inakuja baadaye, akishakuchoka. Wataalamu wa mtandaoni wanaiita picha ya namna hiyo imeharibika kwa sababu mhusika anajua upo. Mimi naona kujua kwake ndiko kulikoniwezesha kusimama hatua mbili badala ya ng'ambo ya barabara.

Itigi niliona asali kwenye chupa za maji ya kunywa, nikanunua, ikavuja begini. Kutoka hapo mpaka Tabora ni vichaka na usingizi.

Usiku wa kuamkia Jumatano: Tabora

Tulifika saa tatu usiku na kitu. Tabora ndipo treni inapogawanyika, mabehewa ya Mwanza yanakatwa, ya Kigoma yanabaki, na shughuli hiyo si ya nusu saa. Abiria hushuka, wanatandika kanga jukwaani, chai ya tangawizi inazunguka kwa shilingi mia tatu. Reli ilifika hapa 1912, Kigoma ikafika 1914, na mzee alizitaja tarehe hizo kwa sauti ya mtu aliyekuwepo.

Taa za stesheni ni chache na za njano. Nilipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuona mwanga, hadi 3200, kasi ya shata nikaiweka 1/60 ya sekunde, nikaegemea nguzo ili mikono itulie. Nikapiga watoto waliolala juu ya magunia, mama yao akiwa ameniruhusu kwa kichwa. Ndipo askari akaja. Salamu kwanza, kisha: "Kijana, una kibali?"

Moyo ulinienda mbio. Kwa desturi yangu ningefunga kamera na kurudi kitandani. Lakini mzee alikuwa pembeni na kikombe chake, akasema, "Huyu ni mwanangu, anajifunza. Mpeleke kwa stesheni masta." Tukaenda wote watatu. Yule bwana alitazama picha moja moja, akauliza ni za nini, akasema watu piga kama wamekubali, injini, njia za reli na ofisi usipige. Dakika tano, yamekwisha. Askari mwenyewe akaomba yake, akapigwa, nikamtumia kwa simu palepale.

Kwa hiyo hili lisikupite: stesheni, madaraja, bandari na kambi ni maeneo nyeti. Ukitaka kupiga ndani ya stesheni, mtafute mkubwa wa pale kabla hujatafutwa wewe. Kwa mtu wa haya hili lina faida ya ziada, maana ukishazungumza na stesheni masta, muuza mayai hakutishi.

Jumatano: Nguruka, Uvinza, Kigoma

Urambo na Kaliua zilinipita nimelala. Asubuhi tuliamkia kistesheni ambacho bango lake halisomeki, tumewekwa njia ya pembeni. Reli ni moja, treni zikitaka kupishana lazima mojawapo isubiri, na ya mizigo iliyokuwa inatoka Kigoma ilikuwa bado haijaonekana. Tulikaa pale kama saa mbili na nusu.

Ni sehemu niliyojifunza zaidi, na wala haikuwa mtaa. Watu walishuka, wakapiga mswaki kwa maji ya chupa, drafti ikaanza kwa vizibo vya soda, wanaume wawili wakagombana juu ya kete iliyokwisha kuliwa. Wote tulikuwa tumekwama pamoja, hakuna mgeni na mwenyeji. Niliweka fokasi mita mbili, tundu la lenzi f/8, kasi 1/500, nikaacha kuigusa lenzi. Ukiwa na mpangilio huo huhangaiki na vitufe wakati mtu amekukazia macho, na kuhangaika ndiko kunakomfanya mwenye haya aonekane mwizi. Mwanga wa saa moja asubuhi ulikuwa unakuja ubavuni mwa mabehewa. Ilipotimu saa tatu jua lilikuwa limeshasimama, sura zimeingia kivuli cha kofia, nikaweka kamera begini.

Nguruka wanauza samaki wabichi na wa kukausha, harufu inaingia chumbani kabla ya muuzaji. Baada ya hapo ni nchi ya maji, bonde la Malagarasi, ambalo mwaka 2000 liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu, la kwanza nchini kwetu. Kutoka kwenye treni unaona nyasi, ndege weupe, na mtumbwi mmoja uliofungwa pasipo mtu.

Uvinza mzee akashuka. Chumvi ya pale inatoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi, na magunia yake yalikuwa yamepangwa hatua chache kutoka njiani. Nikaomba picha yake. Akasimama na begi mkononi, "piga nikiwa na begi, watoto waone nimefika salama." Nikangoja ile ya pili, akishanichoka, lakini yeye alibaki vilevile, wima, mpaka treni ilipoondoka. Wapo watu hawachoki.

Kabla hajashuka aliniuliza kama yule mama wa Saranda nitampa picha yake. Nikasema sina anwani. Akashangaa. "Saranda anwani ya nini? Andika kwenye bahasha, mpe mhudumu wa treni. Wanamjua."

Kigoma tuliingia saa kumi na moja jioni, ziwa likiwa limejaa jua. Chumba cha gesti maeneo ya Mwanga, chenye feni, elfu ishirini na tano. Ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, ya mawese, elfu tano, na nilirudi hapohapo kila jioni.

Alhamisi: Ujiji

Daladala za Ujiji hazikosekani, ni kilomita kama nane. Watu wengi huenda kuona mnara wa pale Livingstone alipokutana na Stanley mwaka 1871, nami nilienda, nikatazama miembe, nikatoka. Mitaa ndiyo niliyoifuata. Ujiji ni mji mkongwe wa misafara, una baraza, una misikiti, una vivuli vya miembe barabarani, na watu wake wana muda wa kuongea. Wazee waliokuwa wamekaa barazani niliwaamkia kwa Kiha nilichofundishwa na dereva, "mwakeye", wakanijibu kwa Kiswahili safi na kuniuliza natoka wapi.

Kuzunguka na kamera mitaani kunachosha roho ya mwenye haya. Kila kona ni watu wapya, salamu mpya, maelezo mapya. Baada ya saa moja nilikuwa sitaki kumwona mtu. Nikakaa kwa fundi cherehani aliyekuwa kibarazani, nikavua shati la juu lililochanika kwapani, nikamwomba alishone. Elfu mbili. Alishona kwa dakika kumi. Mimi nikakaa pale mpaka adhuhuri.

Huyu fundi alipigwa picha yake ya wima, miwani imevuliwa, futi ya kupimia shingoni imenyooshwa vizuri. Halafu akairudisha miwani puani. Kazini kwake anauma pini mdomoni, tatu nne, anaongea nazo, na kila akitaka moja anaisukuma kwa ulimi mpaka kwenye kona ya mdomo bila kuacha kukanyaga pedali. Nilimsubiri msichana aliyekuja kupima gauni, muuza mawese aliyepita na chupa nyekundu kichwani, mtoto aliyetumwa uzi akarudi na rangi isiyo yake. Mimi sikusogea. Mtaa ndio uliopita mbele yangu. Na kila aliyeuliza "huyu nani?", fundi alijibu kwa ajili yangu, pini mdomoni: "Mgeni wangu."

Ushauri wa gharama, basi. Tenga hela ya kukaa. Soda, shati la kushonwa, kahawa, kiatu cha kung'arishwa. Kwa siku sikuzidisha elfu kumi, na kila shilingi ilinipa mahali pa kuwa. Watoto nao huwa wanakimbilia kamera wenyewe, lakini mtafute mzazi au mlezi wake kwanza, hata kama mtoto anakuvuta shati upige.

Ijumaa: Katonga

Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa taa, karabai zamani, siku hizi nyingi ni za sola. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, na wavuvi hupumzika. Sasa mpiga picha anayetaka mialo, yaani fukwe za kushushia samaki, yenye kazi atazame mwezi kabla ya kukata tiketi. Mimi kwa bahati nilifika giza limeanza kurudi. Angalieni pia miezi: mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti.

Bodaboda aliniacha mwaloni Katonga saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mitumbwi ilikuwa inaingia, vijana wanabeba beseni mbiombio, wanawake wanamwaga dagaa kwenye chanja na kuwatandaza kwa viganja, kwa kupapasa, mpaka safu inakuwa ya fedha tupu. Nikamwendea mama aliyekuwa karibu. Shikamoo, marahaba. Nikaomba.

"Hapana," akasema, mikono haijasimama. "Mwaka jana alikuja mwingine akapiga. Akasema ataleta. Wewe umeziona?"

Sikumbembeleza. Nikaifunga kamera kifuniko, nikanunua dagaa wa elfu tano, nikauliza wanakauka siku ngapi. Siku moja, jua likiwaka vizuri. Mvua ikinyesha wanaharibika, hasara yako. Yeye ndiye aliyenieleza habari za mwezi niliyoandika hapo juu. Tuliongea mpaka jua likapanda, mikono ile ikitandaza mbele yangu, na picha yake sina. Wenzake wawili waliokuwa wanasikiliza waliniruhusu, nikawapiga, nao nikawauliza kesho watakuwa hapo saa ngapi.

Jumamosi: kusafisha picha

Stesheneri moja mjini ina printa nzuri. Picha saizi ya postikadi, elfu moja. Nilisafisha zile za wima, maana ndizo zao, na kwa baadhi nikaongeza ile ya pili. Katonga wale wawili walizipokea kwa mikono yenye magamba, wakazishika kwa kucha zisichafuke. Yule mama aliyekataa alizitazama moja baada ya nyingine, akazirudisha, akasema nimechelewesha chai. Sikumwomba tena.

Fundi wa Ujiji aliibandika yake ukutani kwa pini iliyotoka mdomoni. Aliichagua ya wima. Ile ya pini na ulimi aliitazama sana, akaigeuza chini, akaniuliza kwa nini nimpige anakula.

Jioni nilishuka mpaka karibu na bandari. Mle ndani ndimo yalimo maskani ya MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani 1913, ikazamishwa humu Ziwa Tanganyika na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, kisha ikaibuliwa. Kamera ilikaa begini.

Jumapili: kurudi

Basi la alfajiri kupitia Tabora. Daraja la Kikwete, vumbi, lami, vumbi tena, mahindi ya kuchoma, shingo inauma. Dodoma usiku mwingi. Ukiweza, rudi kwa treni.

Bahasha ya Saranda niliikabidhi Kigoma kwa mhudumu wa treni, nimeandika kwa kalamu nene: "Mama wa wali na kuku, mwenye kigoda, Saranda." Ndani kuna zote mbili. Juzi mhudumu amenitumia ujumbe wa sauti. Mama kazipata. Amefurahi ile aliyosimama, ya kidevu na kifuniko hataki kuiona, amempa mwanawe. Na ameagiza kuwa nikipita tena nimpigie simu siku moja kabla, avae kitenge kipya.